Barua ya Wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: Fungua Stoo ya Kompyuta Kabla ya Mnada

Profesa, shikamoo.

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua tulizopitisha ofisini hazijajibiwa. Jumamosi jioni vijana wa vyuma chakavu walichoma nyaya za kompyuta nyuma ya maabara yetu wapate shaba. Upepo wa Dodoma unaujua: moshi wote ukaja mabwenini, na mwenzetu mwenye pumu akalala zahanati. Ganda la nyaya hizo likiungua hutoa dioksini, sumu inayokaa mwilini miaka. Pembeni zimepasuliwa monita za chogo, ambazo vioo vyake vina madini ya risasi. Mvua za Desemba zikianza, maji yatapita humo humo.

Ulituahidi karakana ya matengenezo mbele ya wanafunzi wote, tukakupigia makofi. Iko wapi, Profesa?

Nyingi ya kompyuta zilizorundikwa stoo ni nzima. Fundi sanifu alitufungulia moja: feni imezibwa na vumbi jekundu, diski ni ile ya kuzunguka, RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni gigabaiti 4. Ipulizwe vumbi, iwekewe SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka, iongezwe RAM, itafanya kazi miaka mingine. Tunaambiwa zimeondolewa kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa. Sawa, lakini Linux, mfumo endeshi wa bure, inazikubali, na ndiyo tunayofundishwa darasani! Nadhani kinachowazuia ni hofu ya hoja za ukaguzi. Kitu kikishabandikwa namba ya mali ya serikali, nani atathubutu kushika bisibisi? Basi kinasubiri mnada, na anayekinunua anatafuta shaba tu.

Huku maabarani tunabanana watatu kwenye kompyuta moja. Mimi niko mwaka wa mwisho, ripoti ya mradi naiandikia steshenari kwa kulipia, na boom, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, inaishia huko. Kuna siku nimechagua kurasa nikaacha chakula cha usiku.

Kanuni za taka za vifaa vya umeme na elektroniki zipo tangu 2021. Kompyuta zitakazoshindikana kutengenezwa wapewe wenye kibali cha kuzishughulikia, zisiishie kwenye moto nyuma ya madarasa. Lakini kwanza mafundi waingie. Tunaomba saini yako, Profesa, kabla ya mnada. Fungua stoo.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu,
Dodoma