Sasa Nakumbuka Tulichokubaliana Jana

Keko, Dar es Salaam

Baba Neema, salamu nyingi.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, nikaona bora nikuandikie. Kwa simu tungeishia kucheka. Umeniuliza, "Hivi huko kuacha pombe kuna nini?" Nitakujibu, ila kuna jambo linatangulia na usilifanyie mzaha.

Umesema asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue. Mtu aliyefika hapo haachi ghafla, peke yake, amejifungia chumbani. Ubongo umezoea kutulizwa na pombe. Ukiikata kwa mkupuo unacharuka. Unatoka jasho, moyo unakwenda mbio, na ndani ya siku mbili tatu unaweza kuanguka kama mwenye kifafa au kuona wadudu ukutani ambao hawapo. Watu wanakufa hivyo. Mimi nililazwa, nikapewa diazepamu iliyopunguzwa siku hadi siku. Kabla ya dripu ya sukari wakanichoma sindano ya thiamini, ile vitamini B1, maana mnywaji wa miaka mingi huwa imemwishia, na sukari ikitangulia inaweza kumharibu ubongo. Wewe uko Moshi: hospitali ya Mawenzi ipo, KCMC ipo. Nenda na Mama Neema. Wakikuuliza unakunywa kiasi gani, taja chote, usipunguze hata kile cha kufungulia siku.

Haya, swali lako. Watakuambia ukiacha utajenga. Mimi sijajenga, ndugu yangu. Hela ya grosari imekwenda kulipa madeni ya grosari hizohizo. Kilichorudi ni kumbukumbu.

Unajua nilivyokuwa nazima. Nilidhani nasahau tu, kumbe hapakuwa na cha kusahau. Daktari alinieleza kwamba kilevi kikipanda haraka mwilini, ile sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu inaacha kutunza, huku mdomo unaendelea. Unacheka, unalipa bili, unatoa ahadi. Na wateja wangu wengi nilikuwa nakutana nao hukohuko jioni! Kabati la mninga, milango minne, bei kadhaa, Jumamosi uje uchukue. Asubuhi sina habari. Mteja akija naona ananisingizia, tunagombana mbele ya vijana wangu. Hapa Keko nilikuwa nahesabika tapeli, na sikujua kwa nini. Siku hizi mtu akiniuliza tulikubaliana nini, namtajia bei, vipimo na aina ya bawaba. Huwezi kuamini raha ya kitu kidogo kama hicho.

Nyumbani mambo yamekuwa magumu kidogo, nisikudanganye. Zamani nikisema neno baya, kesho yake kila mtu alikuwa na jibu tayari: alikuwa amelewa. Sasa nikisema, nimesema. Mama watoto ananiambia, "Hilo ulilitamka ukiwa na akili zako," na sina pa kujifichia. Imebidi nijifunze kunyamaza, na kuomba radhi kabla ya kulala.

Halafu kuna mzee wangu. Tulimzika, ulikuwepo, ukaona nilivyokuwa jasiri. Ule ujasiri ulikuwa mbege, pombe yetu ya ndizi, na konyagi. Kumlilia nimemlilia mwaka huu, katikati ya kazi, napiga randa. Vijana wakazima msumeno wakatoka nje. Hilo sikuambiwa na mtu kabla, kwa hiyo nakuambia wewe: yale uliyoyazamisha yanaibuka moja moja, na utayapokea bila pombe.

Umesema pia utaacha ukihamia kituo kingine cha kazi. Unakumbuka Machi 2017, viroba, vile vipakiti vya pombe kali, vilipopigwa marufuku? Wewe mwenyewe ulisema serikali imetuachisha. Wiki haikuisha tulikuwa tumehamia kwenye chupa ndogo.

Na piga hesabu hii, wewe si mtu wa stoo? Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi. Ini linaondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, na supu ya kuzimua hailiongezei kasi. Chupa sita ni saa kumi na mbili au zaidi. Tulikuwa tunaondoka baa saa sita usiku, saa mbili asubuhi nawasha msumeno, nikidhani ni uchovu tu. Ilikuwa bado pombe. Vidole vyangu kumi kuwepo vyote ni Mungu tu.

Kinachonisumbua bado ni jioni. Kutoka saa kumi na mbili hadi saa nne ni ndefu mno usipokuwa na pa kwenda. Usingizi ulikuwa mbovu kwa wiki nyingi, na naota nakunywa, naamka nimeshtuka najinusa. Spiriti ya kuchanganyia polishi nimemwachia kijana mmoja, harufu yake siiamini. Siku mbili kwa wiki nakaa na wenzangu wa AA (Alcoholics Anonymous), vikao vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, mpango ulioanza Marekani mwaka 1935 na walevi wawili, mmoja wao daktari wa upasuaji. Tunakunywa chai, kila mtu anasema yake. Mwanzo niliona upuuzi. Bado wengine wananichosha kwa maneno, lakini naenda.

Kwenye baa visingizio vinavyokubalika ni vitatu tu: dozi ya dawa, kuokoka, na funguo za gari. Nimekuwa kwenye dozi mpaka wahudumu wananipa pole.

Desemba, nilipokuja huko nyumbani, ilinitia hofu kuliko baa. Ukoo mzima, kata, kile kibuyu cha mbege, inazunguka, na kuikataa ni kama kuwakataa wenyewe. Mama alikuwa amemwambia baba mdogo mapema. Kata ilipofika niliipokea kwa mikono miwili, nikampa aliye pembeni yangu. Mzee mmoja akauliza kama nina kinyongo. Baba mdogo akamjibu kwa Kichaga, wakacheka, nyama ikaendelea kukatwa.

Desemba hii nakuja tena. Tukae pamoja upande uleule wa benchi, iwe rahisi kupitisha. Ila kwanza hospitali, na uniandikie wamekupangia siku gani. Ukiniambia Jumatatu, napanda basi Jumapili.

Msalimie sana Mama Neema na watoto.

Ni mimi, Fundi