Kwa nini tunarusha droni mara mbili kwenye kiwanja chako

Wenye loji na kambi huku miteremkoni, wakiona ankara yetu ina mistari miwili ya kurusha droni, huuliza swali lilelile. Mzee mmoja alinitolea simu yenye picha ya shamba lake kutoka angani. "Kijana, shamba langu nimeshaliona lote humu, mpaka bati la choo. Wewe unakwenda kupima nini, tena mara mbili?" Ana hoja. Picha anayo. Asichokuwa nacho ni kimo cha ardhi, na jinsi kimo hicho kinavyobadilika.

Jibu langu huanzia mbali kidogo: Colorado, Marekani, ambako nilifanya kazi majira mawili ya baridi kwenye ofisi ya ramani ya eneo la kuteleza kwenye theluji. Nilidhani nakwenda michezoni. Nikakuta watu wanahesabu theluji kama mwenye duka anavyohesabu magunia ya sukari.

Wana sababu. Theluji ya mbinguni isipotosha, hutengenezwa: maji hurushwa hewani kwa mashine yakiwa matone madogo sana, yakaganda kabla ya kutua. Mita moja ya ujazo ya maji hutoa mita mbili hivi za theluji, au mbili na nusu. Maji hayo yamepandishwa mlimani kwa pampu, na umeme umelipiwa. Ukiongeza theluji mahali ambapo ipo tayari, umemwaga pesa.

Na kwa macho huwezi kujua ipo kiasi gani. Nyeupe ni nyeupe, iwe ya sentimita 20 au ya mita 2. Kwa hiyo kiangazi, mlima ukiwa na majani tu, ndege hupita ikipima kimo cha ardhi kwa miale ya leza. Baridi ikija, mashine za kusawazisha theluji hupanda na kushuka usiku kucha zikiwa na vipokezi vya GPS vinavyojua kimo chao kwa usahihi wa sentimita chache. Toa kimo cha kiangazi, kinachobaki ni kina cha theluji.

Usiku mmoja nilipanda na dereva. Saa nane, nje hakuonekani kitu zaidi ya mwanga wa taa zetu. Kwenye skrini njia yote ilikuwa ya buluu, kasoro kona moja iliyowaka nyekundu: hapo theluji ilikuwa nyembamba. Akashusha sepeto la mbele, akasukuma theluji kutoka upande wenye akiba mpaka nyekundu ikageuka kijani, akachukua kikombe chake cha kahawa. Hakufungua bomba hata moja.

Setilaiti nazo zina kazi yao. Sentinel-2, ya Ulaya, hupiga picha ambazo kila nukta yake ni mita 10, na hutolewa bure. Ina hata uwezo wa kutenganisha theluji na wingu: kwenye aina fulani ya mwanga tusioweza kuuona, theluji hugeuka nyeusi na wingu hubaki jeupe. Kwa mlima mzima inafaa sana. Kwa njia yenye upana wa mita 30 ni nukta tatu tu, na hata shamba la yule mzee, kwa upana, halizidi nukta chache zaidi ya hizo.

Somo la pili lilikuwa la macho. Maeneo mengi ya kuteleza magharibi mwa Marekani yako kwenye misitu ya umma, na Huduma ya Misitu imekuwa na utaratibu wa kupima mandhari tangu 1974. Ukitaka kufyeka njia mpya, uonyeshe mlima utakavyoonekana na mtu anayepita barabarani chini. Tuliujenga mlima kwenye kompyuta, tukauvisha picha ya angani, "tukafyeka", tukashuka kuutazama kutoka barabarani. Njia iliyonyooka ilionekana kama alama ya kiboko mgongoni. Tukaipinda kingo, tukaacha vichaka vya miti hapa na pale, ikapotea ndani ya msitu. (Zamani kazi ya kuonyesha milima ilikuwa ya wachoraji. Heinrich Berann wa Austria alikuwa akiipinda milima yenyewe ili pande zote zionekane. Mpimaji akifanya hivyo anafukuzwa kazi.)

Huku kwetu badala ya theluji nahesabu udongo. Droni ya kwanza hupita kabla ya masika ikipiga picha za kupimia kimo, ya pili baada yake, tunatoa vipimo vya moja kwenye vya nyingine, tunaona udongo ulikoondoka. Kwenye migomba kamera huona majani tu, kwa hiyo huko tunaingia kwa miguu na nguzo ya GPS. Ramani ya yule mzee ilitoka na mstari mwekundu unaoanzia kwenye mfereji wa paa la jiko lake na kushuka hadi alipokwisha kupigilia vigingi vya vibanda vitatu vya wageni. Tulikwenda kuutazama pamoja. Ulikuwa mtaro wa kina cha goti, majani yameshaanza kuufunika. Pale pale akaanza kung'oa vigingi.

Vibali vya kurusha droni vina siku zake. Anayetaka vipimo vya kabla ya masika atupigie mapema, asingoje mawingu ya Machi.