Malalamiko: nililipia mkufunzi asome kazi zangu, hajasoma hata moja

Kwa Meneja wa Kozi,

Habari ya kazi. Naandika kuhusu kozi yenu ya uandishi wa habari wa kujitegemea, ile ya kusoma ukiwa nyumbani, na mtanisamehe barua ikiwa ndefu kwa sababu zile fupi nimekuwa nikituma kwa imeili mnazijibu na meseji moja tu, "asante kwa kuwasiliana nasi, ombi lako linashughulikiwa", na mpaka leo sijajua linashughulikiwa na nani.

Nianze na pesa ndio tuelewane. Nililipa KSh 42,000, nusu nikijiandikisha na nusu pole pole kwa awamu, yote kwa M-Pesa na meseji zote ninazo. Zingine zilikuwa mkopo wa chama na bado narudisha. Na sikulipa pesa hizo zote juu ya noti, noti za uandishi zimejaa mtandaoni na ni za bure, hata zingine ni safi kuliko zenu. Nililipa kwa sababu tangazo lenu lilisema kila mwanafunzi atapewa mkufunzi mwenye uzoefu, mtu amekaa kwa chumba cha habari miaka mingi, asome kazi yako na akurudishie na maoni yake. Hata nilimuuliza yule dada wa mauzo kwa simu, huyu mkufunzi ni mtu ama ni kompyuta? Akacheka, akaniambia ni mtu kabisa na nitamzoea. Sijamzoea. Jina lake sijui, anasaini "Timu ya Wakufunzi".

Sasa sikizeni vile kulienda. Kazi ya tatu ilisema tuandike makala ya maneno 800 kuhusu huduma moja ya mtaani. Mimi nikaenda Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, kuandika juu ya maji, wale wanauza kwa mtungi wa lita 20, mabomba yao ya plastiki yamepitishwa ndani ya mtaro wa maji taka kwa hivyo bomba likipasuka hapo katikati ule uchafu unaingia na unaletewa wewe kwa mtungi. Nikaongea na mama mmoja wa kibanda akanionyesha mahali amefunga bomba lake na tyubu ya baiskeli, raundi juu ya raundi, na juu ya tyubu amefunga na karatasi ya maziwa, na hapo bado maji yalikuwa yanatoka kidogo kidogo yakiingia mtaroni. Nikaongea na vijana wa mikokoteni. Nikaandika, nikahariri, nikatuma kabla ya siku ya mwisho.

Maoni yakarudi. Nanakili vile yalivyo: "Kazi nzuri sana! Umeeleza maisha ya wavuvi kwa hisia kubwa. Endelea kuongeza sauti za wahusika."

Wavuvi. Mukuru. Mto Ngong unapita hapo kando ndio, na yeyote ameuona anajua huko hakuna mtu anatupa ndoano. Na chini yake mmeweka alama 78. Hiyo 78 iliniuma kuliko wavuvi, kwa sababu mtu hawezi kukosa kusoma kitu halafu ajue ni cha 78 na si cha 75.

Nikawaandikia, mkasema ni hitilafu ya mitambo, mkatuma maoni mapya. Haya mapya hayana wavuvi, hilo nawapa, lakini hata maji hayana. Yanasema sentensi zangu ziko na mtiririko mzuri na nizingatie hadhira yangu. Hayo si unaweza kumwambia mtu yeyote ameandika chochote, hata barua ya kuomba likizo? Kazi ya nne na ya tano hivyo hivyo, mtiririko na hadhira, hadhira na mtiririko.

Wacha niwaambie kusoma kazi ya mtu kunakaa aje. Niko na rafiki yangu ni korospondenti wa gazeti, wale hulipwa kwa stori ikichapishwa na isipochapishwa unakula hewa. Tulikuwa kwa matatu tukitoka tao nikampa simu asome ile makala ya maji. Alianza kuuliza kabla hatujatoka kwa jam ya Jogoo Road. Mtungi ni pesa ngapi leo, na maji yakikosa mtaani unafika ngapi? Tangi ni ya nani? Kampuni ya maji ya jiji imesema nini, na kama wamekataa kuongea mbona hujaandika wamekataa? Halafu akauliza, huyu mama anajua jina lake linaenda gazetini, na wenye laini za maji wakimjia usiku uko wapi wewe? Akasema pia mama wa tyubu ya baiskeli amezikwa huko aya ya sita na yeye ndiye anafaa kufungua stori. Hizo zote ni mambo ya makala yangu, haziwezi kubandikwa kwa ya mtu mwingine. Nilimlipia fare tu.

Hiyo ndiyo kitu niliwalipa nyinyi mnifanyie.

Kuna somo la sheria pia. Tangazo lilisema kozi ni ya waandishi wa Afrika Mashariki, nikafungua somo nikakuta ni Uingereza tupu. Eti nikitaka habari kutoka ofisi ya serikali nisubiri siku 20 za kazi, na nikilalamikiwa kuna baraza la huko London. Mimi niko Umoja. Hapa tuko na sheria ya kupata habari ya mwaka wa 2016, ofisi ya umma inapewa siku 21 kukujibu, na kama ni jambo la uhai au uhuru wa mtu ni saa 48, wakikunyima unaenda kwa Ombudsman, ile ofisi ya kulalamikia ofisi za umma. Malalamiko ya waandishi yako na kamisheni yake chini ya Baraza la Vyombo vya Habari, na baraza hilo hilo ndilo linatoa kadi ya uandishi, hata sisi wa kujitegemea tunaomba huko. Hakuna mahali mmetaja hiyo kadi, na jaribu kuingia mkutano wa kaunti bila hiyo kadi uone askari wa mlangoni atakwambia nini. Mkufunzi amefanya kazi Nairobi hata wiki moja angeona hiyo shida akifungua tu ukurasa.

Somo la kuuza stori kwa wahariri nalipita, mmeandika tutume kwa posta na bahasha ya kurudishiwa iko na stempu. Nikicheka nilicheka peke yangu.

Sasa nataka hivi. Mnipe mkufunzi mmoja ako na jina, amewahi kuandikia gazeti ama redio hapa Kenya, asome upya kazi yangu ya tatu, nne na tano, na tuongee kwa simu kuhusu kila moja. Kama hamna mtu kama huyo, na naanza kuamini hamna, basi mnirudishie pesa zangu, mbakishe tu ile mnaona ni bei ya noti na mniandikie hiyo hesabu niione. Diskaunti ya kozi ya pili msinipe, mlishanitumia hiyo ofa mara mbili na nilikuwa bado nalia na ya kwanza.

Kifungu cha 46 cha katiba kinasema mteja ana haki ya huduma ya kiwango kinachofaa. Tangazo lenu nimelihifadhi, meseji za M-Pesa nimeziprinti, na maoni ya wavuvi nayo yako. Mahakama ya madai madogo iko Milimani, inasikiliza kesi za hadi milioni moja na si lazima uende na wakili. Nawapa mpaka mwisho wa mwezi.

Mkitaka kuongea nipigieni jioni baada ya saa kumi na moja, mchana niko kazini na bosi hapendi simu. Na tafadhali apige mtu ameisoma hii barua mpaka hapa, yule dada wa mauzo mwacheni apumzike.

Mwanafunzi wenu,
Umoja, Nairobi