Malalamiko: Mnatumia nembo yangu na hamtaki kunilipa

Mkurugenzi Mtendaji,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUTOLIPWA NA KUDHALILISHWA KATIKA KAZI YA KUBUNI UPYA NEMBO YA KAMPUNI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia wewe moja kwa moja kwa sababu Idara ya Masoko haijibu barua pepe zangu, na Uhasibu kila nikipiga simu wananirudisha Idara ya Masoko. Makubaliano tuliyosaini mnayo, ankara mnayo, na utaratibu wenu wa kuwalipa watoa huduma mnaujua kuliko mimi, hivyo sitayarudia. Ninadai Sh 1,680,000, yaani asilimia 70 iliyobaki ya Sh 2,400,000. Ninadai pia hati ya kodi ya zuio ya asilimia 5 mliyonikata kwenye malipo ya awali, kwa kuwa kodi hiyo ilikatwa kwa jina langu na bila hati sina cha kuonyesha TRA.

Ubora wa kazi hauwezi kuwa sababu ya kuninyima haki yangu. Nembo yenu ya zamani ilikuwa na hindi lenye kivuli, njano ikififia taratibu kuwa kahawia, na kwenye kompyuta lilipendeza. Lakini kwenye kiroba cha unga cha kilo 25 wino ulitambaa kwenye nyuzi na hindi likabaki doa. Nilikaa na mchapaji wenu wa viroba hadi nikaielewa mashine yake, nikaipunguza nembo ikabaki na rangi mbili zisizo na kivuli, nikaondoa ndevu za hindi kwa sababu mstari mwembamba haudumu kwenye kiroba, nikaachanisha herufi za jina ili wino ukitanuka zisishikane, kisha nikaandaa toleo la rangi moja kwa ajili ya muhuri na risiti. Kiroba cha majaribio kilipochapwa, jina lilisomeka mtu akiwa upande wa pili wa karakana. Mkuu wenu wa Masoko alikiona na akaandika kwa barua pepe kwamba ameridhika nacho.

Mtu huyohuyo ndiye aliyeniita kukabidhi kazi saa tatu asubuhi, akaniacha mapokezi hadi watu wakatoka kula na kurudi, kisha akainua karatasi yenye nembo mbele ya idara yake yote na kusema, "Hiki hata mwanangu wa darasa la nne anachora." Watu wakacheka. Sikupewa nafasi ya kueleza lolote. Niliagizwa kunakili faili zote kwenye flashi ya ofisi, nami nikanakili kwa kuwa makubaliano yalinitaka nikabidhi siku hiyo. Nilipouliza kuhusu malipo, aliitwa mlinzi.

Sasa viroba vyenye nembo hiyo vimejaa Tandale na Mbagala. Kwenye milango ya magari yenu mmeivuta kwa upana hadi hindi limelala, jambo ambalo mwongozo niliowakabidhi pamoja na faili unalikataza waziwazi. Kama ni mchoro wa mtoto wa darasa la nne, kwa nini mmeuchapa? Na kama ni kazi inayofaa kuuzia unga, kwa nini aliyeifanya halipwi?

Kabla ya hapo mlikwisha kunitaka marekebisho nje ya yale tuliyokubaliana: kijani ya bendera, kisha kijani ya mgomba, kisha kijani iliyoiva zaidi, mwishowe mkarudi kwenye ile niliyowaletea mwanzo. Nilifanya yote bila kuongeza hata senti kwenye ankara, nikiamini nafanya kazi na watu waungwana.

Naomba nirudi kwenye siku ile, maana fedha zinaweza kulipwa siku moja lakini lile sijui litalipwaje. Nilisimama muda wote, ilhali viti vitupu vilikuwepo. Baada ya kusema maneno yake, Mkuu wa Masoko aliiweka ile karatasi mezani na kukitua kikombe cha chai juu yake, katikati ya nembo, huku akiendelea kuongea na wenzake kana kwamba nimeshaondoka. Vijana wa mafunzo kwa vitendo, waliokuwa wakiniuliza kwa hamu namna kazi hii inavyofanyika, waliinamisha vichwa. Kisha akamwagiza mlinzi anishike mkono anitoe. Yule mzee, ambaye asubuhi nilimpa shikamoo yake getini, hakunishika. Aliniambia tu, "Twende, mwanangu." Katika jengo lenu lote, yeye peke yake ndiye aliyeniheshimu siku hiyo.

Kwa hiyo madai yangu si salio na hati ya kodi peke yake. Ninadai pia Sh 600,000 kwa marekebisho ya ziada, na barua ya kuniomba radhi iliyosainiwa nawe, isomwe mbele ya idara ileile. Hadi hapo, simamisheni uchapaji. Kifungu cha 6 cha makubaliano kinasema haki za nembo zinahamia kwenu baada ya malipo yote kukamilika, na hayajakamilika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mbunifu tangu kazi inapoundwa, iwe imesajiliwa au haijasajiliwa, na barua pepe zenu zote za kuipitisha ninazo.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Baada ya kuyaandika haya naona 7 zinatosha, kuanzia siku mtakayogonga muhuri wa kuipokea barua hii, na sitapokea malipo ya awamu. Zikipita, nitapeleka shauri COSOTA, ofisi ya hakimiliki, nitamwandikia mchapaji wenu kwamba anachapa kazi isiyo yenu, na mkithubutu kuiombea nembo hiyo usajili wa alama ya biashara BRELA, nitaweka pingamizi. Baada ya hapo mtazungumza na wakili wangu, na gharama zake zitaongezwa kwenye deni.

Wako,

Mbunifu wa nembo mnayoitumia

Nakala: Wakili wangu