Mafuta kwenye chakula cha perege

Assalaam alaykum wanakikundi wa Wete. Tumepasua perege wa bwawa la chini: mafuta meupe yamezonga utumbo, ini limepauka limekuwa manjano. Kwa nje wamenona kweli, mtu angedhani wazima! Anayemimina mafuta ya nazi juu ya pumba na dagaa aache. Perege anatosheka na mafuta asilimia 5 hadi 12 ya chakula. Ziada hurundikana kwenye ini. Kirutubisho kiitwacho kolini pamoja na vitamini E husaidia ini, lakini msikimbilie kuvinunua vya kopo kabla hamjapunguza mafuta yenyewe. Chakula ambacho mafuta yake yamechacha msikitie kabisa, kinamaliza hiyo vitamini E. Jumamosi baada ya alasiri tukutane bwawani, kila mmoja na kiganja cha chakula chake.