YAH: MALALAMIKO KUHUSU MARHAMU YA SHIUNKO NA LUGHA YA MHUDUMU WENU

Ndugu Meneja,

Salaam. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Utaratibu wenu wa kurudisha bidhaa mnaujua wenyewe, umebandikwa juu ya kaunta. Mimi naandika kwa sababu mhudumu wenu wa Kariakoo alinicheka mbele ya watu. Nilimwekea kopo la marhamu ya Shiunko mezani nikamwambia humu mna mafuta ya nguruwe, nami ni Mwislamu. Akajibu: "Kwani umekula, mama? Si umepaka tu."

Siku ya kuniuzia aliapa ni mimea mitupu. Akanihadithia habari za Hanaoka Seishū, tabibu wa Japani aliyempasua mgonjwa kwa dawa ya usingizi mwaka 1804, kwamba marhamu hii ni yake. Akataja mizizi ya shikon inayoipa rangi ya zambarau, mizizi ya toki, mafuta ya ufuta, nta ya nyuki. Hivyo vyote vimo kweli. Mafuta ya nguruwe akayanyamazia, ingawa yamo tangu kanuni ya zamani na yameandikwa kwenye kopo, kwa Kijapani! Nani anasoma Kijapani pale Kariakoo? Shemeji yangu aliyesoma Japani ndiye aliyenifumbua macho.

Mwanangu ana pumu ya ngozi. Nilikuwa nampaka kwenye viwiko na nyuma ya magoti kila usiku, alfajiri anaswali nayo. (Mashuka yameharibika kwa madoa ya zambarau. Hayo nawasamehe.)

Narudia la kaunta, maana najua mtaambiwa nilileta fujo. Sikupaza sauti. Nilikuwa nimemshika mtoto mkono. Yule kijana hata kuligusa kopo hakutaka, alilisukuma kwa kalamu, akasema hayo ya kula na kupaka, kisha akamgeukia mwenzake: "Mama anaogopa nguruwe atamrukia." Duka zima likaangua kicheko. Mtoto akaniuliza, mama, wanacheka nini?

Siku ile nilitaka pesa yangu tu. Sasa nataka pesa, barua ya kuomba radhi yenye sahihi ya huyo kijana na yako, na kila kopo libandikwe viambato vyake kwa Kiswahili. Nawapa siku saba. Zikipita, nakwenda Tume ya Ushindani na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na Ijumaa inayofuata maimamu wa Kariakoo watakuwa na habari kamili.

Risiti ninayo. Kopo pia.

Aliyekuwa mteja wenu