Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Albamu Yetu ya Kwanza

Wapendwa wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana, Bwana asifiwe.

Mwaka jana mlinituma kazi moja: tusirudi kwenye mkutano huu mikono mitupu. Namshukuru Mungu, albamu ipo. Ina nyimbo 8, zote za Kiswahili, zimetungwa na kuimbwa na watu wa chama hiki chetu cha waimbaji wa Kikristo, na zimerekodiwa hapa hapa Kampala. Hesabu mtasomewa na mhazini, na karatasi mmeshapewa mlangoni. Harusi tumeimba, misiba tumeimba, na safari ya Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, tuliifanya kama tulivyoahidi. Leo niruhusuni nikae kwenye albamu, maana ndiyo iliyotuunganisha mwaka huu na ndiyo iliyotugombanisha.

Kabla ya kuingia studio tulitumia Jumamosi saba tukisikiliza kazi moja tu, albamu ya Heart in Motion ya Amy Grant, mwimbaji wa Marekani, iliyotoka Machi 1991. Baadhi yenu mliniuliza kwa nini twende mpaka Nashville wakati Uganda imejaa waimbaji wa injili. Nilitaka tuchunguze jambo moja. Huyu mama alianza kutoa nyimbo za Kikristo mwaka 1977 akiwa binti mdogo, na watu wa kanisa wakampenda. Kwa albamu hii akavuka hadi kwenye redio za watu wote. Wimbo wake Baby Baby ulishika namba 1 Marekani mwezi wa Aprili mwaka ule ule, na nyimbo nyingine 3 za albamu hiyo zikaingia kumi bora. Nilitaka tusikie kilichomvusha ni nini, na tujue alikilipia gharama gani.

Tuliposikiliza kwa makini, jambo la kwanza lililotushangaza ni nafasi. Sisi tumezoea kila mtu kupiga na kuimba tangu mwanzo mpaka mwisho, kana kwamba anayenyamaza hana kazi. Kule kinanda kinaingia, kinatoka, besi inabaki peke yake, sauti za nyuma zinangoja hadi kiitikio. La pili ni majina. Kazi ile ilikuwa na watayarishaji watatu, Keith Thomas, Brown Bannister na Michael Omartian, na nyimbo nyingi zina mtunzi zaidi ya mmoja. Every Heartbeat peke yake ina watatu: Amy Grant, Wayne Kirkpatrick na Charlie Peacock. Kila aliyeweka mkono wake katika utunzi aliandikwa. Tulilisikia hilo, tukatikisa vichwa, tukapita. Nitalirudia, kwa sababu ndipo tulipokosea.

Studio tuliyokodi iko upande wa Makindye, chumba kimoja chenye magodoro ukutani na paa la mabati. Mvua ikinyesha kazi inasimama. Mara tatu tulikaa humo tukila roleksi, chapati iliyoviringishiwa mayai, na kurudia sauti za alto kwa kunong'ona mpaka anga litulie. Siku moja umeme ulikatika kabla prodyusa hajahifadhi kazi, na kazi ya saa mbili ya akina dada ikapotea. Tangu siku hiyo kila wimbo ulihifadhiwa kwenye flashi mbili, moja ikibaki na katibu.

Ugumu mkubwa ulikuwa wimbo wa tatu, ule wenye sebene, yaani sehemu ya magitaa ya kuchezea. Vijana wetu wa gitaa wamelelewa Bukavu na Uvira, huko Kongo, na wanajua kwamba sebene ikifika muziki lazima ukimbie kidogo. Kompyuta haikimbii. Inahesabu mdundo ule ule masikioni, na mpiga ngoma wetu, aliyezoea kufuata mkono wa mwalimu, alikuwa akiganda kila anapovaa hedifoni. Tulirekodi mara nne, na mara zote nne wimbo ulikuwa sahihi na umekufa. Mwishoni prodyusa alipanga hesabu yenyewe ipande taratibu: beti zinakwenda kwa midundo 104 kwa dakika, na sebene inapoingia inapanda polepole hadi 112. Mpiga ngoma alisikia anasukumwa, akacheka kwa sauti, na hatukuhitaji kurudia tena.

Sasa nifike kwenye wimbo wa tano, ambao umeniletea barua 2 na simu nisizoweza kuzihesabu.

Ni wimbo wa kubembeleza mtoto. Dada yetu wa alto aliutunga mwenyewe, katika chumba cha kupanga, mume akiwa kazini usiku. Alipoingia kurekodi alikuwa na mtoto mgongoni kwa kitenge. Prodyusa alimwomba amkabidhi mtoto kwa mwenzake ili maiki isinase kelele. Akamkabidhi, akaimba, na sauti ikatoka kubwa na kavu kama anatangaza matangazo ya ibada. Tukamrudishia mtoto wake. Papo hapo sauti ilishuka, mabega yakalegea, akaanza kuyumba kidogo kutoka mguu hadi mguu, na hiyo ndiyo tuliyoiweka. Mkisikiliza kwa hedifoni, katika ubeti wa pili, mtamsikia mtoto akiguna.

Katika wimbo huo anasema "mutoto wangu", kama wanavyosema kwao Kivu. Kamati ya lugha ilitaka asahihishe iwe "mtoto". Tulijaribu, na mahadhi yakakatika, kwa kuwa ile "mu" ina noti yake na ukiifuta noti inabaki bila neno. Sehemu nyingine tumesahihisha bila huruma, na wenzetu wa Kenya na wale waliokulia kambi za polisi, ambako Kiswahili huzungumzwa, wamenisaidia sana. Hapa tumeacha, na uamuzi huo ni wangu.

Waliolalamika hawakulalamikia "mutoto". Walisema wimbo hautaji jina la Yesu hata mara moja, kwa hiyo hauna nafasi kwenye kazi ya chama cha Kikristo. Usharika mmoja ulitukaribisha kuzindua albamu, kisha ukatutaka tuuruke wimbo huo. Tulikataa, tukazindulia uwanjani kwa jirani.

Sikuwachukulia waandishi wa barua zile kama maadui, ni ndugu zangu na wananiombea. Lakini naomba wanisikilize. Maneno ya Baby Baby yalitokana na binti mchanga wa Amy Grant, Millie. Mama alimtazama mtoto wake akaandika. Hata hivyo alilaumiwa na Wakristo wengi kwamba ameiacha injili kwa nyimbo za mapenzi, na video ya wimbo huo, anayoonekana akicheza na mwanamume asiye mume wake, ikazidisha maneno. Kuhusu video nakubaliana na wanaosema tuwe waangalifu, na ndiyo maana video yetu inaonyesha mama na mtoto tu. Kuhusu wimbo sikubaliani. Albamu ile ile ina Ask Me, unaosimulia mtoto aliyedhulumiwa na namna anavyoanza kupona, na inafungwa kwa Hope Set High, unaomtaja Yesu waziwazi. Msikilizaji anapita katika nyumba ya mtu mzima, chumba kwa chumba. Yetu pia inafungwa kwa wimbo wa shukrani. Mwanamke anayembembeleza mtoto wake saa nane usiku ugenini, akimwambia asiogope, mimi sijui nimwiteje kama si mtu anayeomba.

Kuna lililo zito zaidi. Baba yetu wa besi alirekodi sauti yake mwezi wa Mei na Agosti tukamzika. Hakuisikia albamu ikiwa imekamilika. Sauti yake imo katika nyimbo 5 kati ya 8, na wimbo wa saba ni utunzi wake na mtu mwingine. Mjane wake alikuja kwangu kwa heshima kabisa, akauliza ni sehemu gani ya wimbo ule ni ya watoto wake. Sikuwa na karatasi ya kumwonyesha. Tulikubaliana kwa mdomo, tukaombea, tukaanza kuimba. Sheria ya Uganda ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 2006 inamlinda mtunzi na inamlinda mwimbaji pia, na haki inakuwepo kazi inapotungwa na kuwekwa mahali inapoweza kusikika au kusomeka, hata kabla ya kusajiliwa. Lakini sheria haijui nani alitunga kiitikio na nani beti. Hilo tulijue sisi na tuliandike. Kosa ni langu kama mwenyekiti, na nimemwomba radhi mama yule mbele ya kamati.

Mtunzi mwenza amekubali wimbo wa saba ugawanywe nusu kwa nusu, na nusu ya marehemu iende kwa mjane na watoto. Wameshasaini. Zimebaki nyimbo tatu ambazo bado hazina karatasi: wa pili, wa tatu na wa sita. Hatutaupeleka hata mmoja kusajiliwa, wala hatutapokea shilingi ya mauzo kwa niaba ya mtu, mpaka ziwe tayari. Baada ya maombi ya kufunga, katibu atakaa mezani karibu na mlango akiwa na fomu, kalamu na kidau cha wino kwa wazee wetu wanaoweka dole gumba. Aliyechangia hata mstari mmoja katika nyimbo hizo asiondoke kabla hajapita hapo.